Amana za Depo ya Klore

Gitega, Jumatatu, 3 Februari

Nimeamua kuandika, maana kusema nimesema mpaka koo limekauka. Leo asubuhi nimefungua depo nikakuta matundu ya hewa yamezibwa yote kwa matambara. Nikamwita Kasiano, zamu wetu, yaani mlinzi. Akasema ni yeye aliyeyaziba, baridi inaingia. Nikamuuliza inamwingilia nani, mapipa? Akanijibu, "Nta kibazo, Mama Jovina," yaani hakuna shida, kisha akarudi kwenye mswaki wake. Hilo ndilo jibu lake kwa kila jambo. Siku nyumba itakapomwangukia atasema nta kibazo kutoka chini ya matofali.

Niweke mambo wazi, hata kama msomaji ni mimi mwenyewe. Hapa Shatanya, mtaani Gitega, tunatengeneza sabuni ya vipande kwa mawese na kostiki, na maji ya javeli, dawa ya kuulia vijidudu, kwa klore ya unga, tunauzia zahanati na shule. Kostiki ikikugusa inakula ngozi. Klore haitaki unyevu, haitaki asidi, na zaidi ya yote haitaki mafuta ya aina yoyote. Ikikutana nayo inachemka na kuwaka bila kiberiti. Ndiyo maana Bwana Houssein, mwenye kiwanda, alijenga depo: sakafu ya saruji, bati jipya, mlango wa chuma, matundu ya hewa. Akanipa mimi ufunguo. Balaa ni kwamba depo hiyo sasa ndiyo chumba kikavu na salama kuliko vyote mtaani, na mvua za itumba, yaani za masika, zinakuja. Kila anayepita anaitazama kama kitanda kizuri kilicholaliwa na mbwa.

Alhamisi, 6 Februari

Matundu yamezibwa tena. Nimeyazibua tena.

Jumatano, 12 Februari

Mimi na Bwana Houssein tumerudi kutoka Kobero. Jana tulishinda mpakani tukisubiri mapipa yavuke kutoka Kabanga, upande wa Tanzania, katikati ya malori na wabadilisha fedha ambao hawajui neno "hapana". Wapagazi walipoanza kuviringisha mapipa ya klore kama matairi nilipiga kelele mpaka nikaona aibu mwenyewe. Mmoja akamuuliza Bwana Houssein kama mimi ni askari.

Tulipita Muyinga mjini. Kutoka pale kwenda Buhinyuza, kwa mume wangu Kastori na binti yetu Jovina, si mbali. Hatukukata kona. Hakuna esansi, yaani petroli, na iliyopo ni ya kuhesabu kwa vijiko. Nilitazama njia ile mpaka ikapotea.

Bwana Houssein alikuwa amenunua bido mbili, madumu, za esansi. Akataka kuziweka nyuma ya gari, juu ya mapipa ya klore. Nikasema sipandi. Akacheka, akaziweka mbele, miguuni pangu. Nimesafiri kutoka Kobero, tukapita Karuzi, hadi Gitega nikiwa nimekanyaga esansi, kichwa kinagonga. Huo ndio ushindi nilioupata.

Ijumaa, 14 Februari

Bido zile mbili zimo ndani ya depo.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Houssein. "Patro, esansi na klore hazikai chumba kimoja."

"Iko bido mbili tu, Mama Jovina. Na nimeweka upande ule ya kostiki, mbali."

"Mvuke wake haujui upande."

"Bon. Sasa we unataka niweke wapi? Kwa chumba ya kulala? Watu wako naiba hata ile ya ndani ya moto, wakinyonya na mpira." Moto, kwake, ni pikipiki. "Depo iko na kufuli. Ni siku mbili, tatu."

Siku mbili, tatu. Nitaona.

Jumatano, 19 Februari

Leo nimemkuta Othmani, jirani mwenye teksi, anatoka depo akijifuta mikono. Ufunguo ninao mimi mfukoni. Kumbe kuna wa pili, na anao Bi Nuru, mama yake Bwana Houssein.

Bi Nuru alianguka akavunjika nyonga, hatembei tena. Asubuhi wanamtoa na kumkalisha kwenye kiti mlangoni pake, na hapo anakaa kutwa nzima akipokea salamu za mtaa wote, ufunguo umefungwa kwenye ncha ya kitenge. Chumba chake na depo vinatenganishwa na ukuta mmoja tu. Nilimwinamia, nikamsalimu, nikamwomba kwa adabu asiwafungulie watu.

"Othmani ameleta amana," akasema. "Mi nikatae amana?"

"Mama, ni esansi."

"Hata kama ni nyoka. Mtu akileta kitu yake kwa hii nyumba, hatumuulizi kama iko nanuka."

"Lakini ikikutana na klore..."

"We mwanamke wa Tanzania, ile bido iko na miguu? Itatembea usiku iende kushika klore?"

Wanawake wanaokata sabuni walicheka wote, hata Gaudensia ambaye nakaa naye chumba kimoja. Mimi ni Mrundi, nimezaliwa na Warundi. Kukulia kambi ya wakimbizi Ngara, Tanzania, kumenifanya Mtanzania mpaka nife, hasa ninapokuwa na haki.

Jumatatu, 24 Februari

Bido tisa. Zimekuja kama wageni wa msiba: mmoja akikaa, wengine wanajua pa kukaa. Kuna ya mwenye kinu, ya fundi cherehani ambaye sijui anataka esansi ya nini, na moja isiyo na kifuniko, imezibwa kwa mfuko wa plastiki na kijiti cha muhogo. Bango la fuvu la kichwa nililobandika mlangoni limefunikwa. Kasiano ametundika koti lake la mvua juu yake.

Jumatatu, 3 Machi

Mfungo umeanza. Mvua kutwa. Matundu yamezibwa, nimezibua.

Alhamisi, 13 Machi

Nitaandika kabla sijalala.

Tangu asubuhi kulikuwa na oda ya javeli ya zahanati ya Makebuko. Nilikuwa nimetoka kupokea chupa tupu getini, nikamwambia Gaudensia apime klore kwenye ndoo kavu. Kikombe cha kupimia, kile cheupe ambacho nimekiandika KLORE TU, hakikuonekana. Baadaye tuligundua Kasiano alikuwa akikitumia kunywea uji. Gaudensia, badala ya kuningoja, akachukua kopo lililokuwa likichotewa mawese. Akalifuta kwa kitambaa. Kufuta mawese kwa kitambaa ni sawa na kuyapaka vizuri zaidi.

Alichota, akaliacha kopo juu ya kizingiti cha depo, unga umejaa nusu, akaenda kutafuta kifuniko cha ndoo. Mimi, nikirudi kutoka getini, ndiye niliyelisikia, mlio mdogo kama wa mafuta kwenye kikaango. Nilipogeuka moshi ulikuwa umeanza, mweupe wenye manjano, unakwaruza koo. Hatua tatu ndani ya mlango huo zilikuwapo bido za watu.

Sikufikiri. Nilichukua sepeto, nikalichota kopo na kulitupa katikati ya ua. Halikufika chini vizuri, likawaka moto wa kufoka, mkali, na mvua inalinyeshea. Wanawake wakakimbia. Bi Nuru alikuwa kwenye kiti chake, mita chache kutoka pale, hawezi kukimbia, ameshika mikono ya kiti akitazama. Hakuna aliyemkumbuka. Hata mimi sikumkumbuka mpaka moto ulipozimika, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote.

Bwana Houssein alitoka msikitini akakuta alama nyeusi kwenye udongo. Nikamweleza yote, kopo, mawese, bido. Alisikiliza vizuri, nikadhani safari hii imeingia. Kisha akasema, "Alhamdulillah, ilikuwa kikombe tu. Donc, tununue vikombe mpya."

Vikombe vipya. Nimepiga magoti kusali jioni hii na nimeshindwa kumaliza hata Baba Yetu kwa hasira.

Ijumaa, 14 Machi

Vikombe vipya sita. Bido kumi na moja.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya misa nilipita kwa Bi Nuru. Nilikwenda kumtaka radhi kwa kumsahau siku ya moto. Nilikwenda pia kumtisha, nisijidanganye. Alikuwa na kitambaa kimefungwa kichwani. Tangu mwezi uliopita kichwa kinamuuma kila siku na anakohoa. Anasema ni baridi ya mvua. Hewa ya chumbani kwake ilinuka esansi hata mimi nikapepesa macho. Nikamwambia. Akasema pua yangu ni ya Kitanzania.

Halafu, bila kuulizwa, akanieleza. Wakati wa vita watu walikimbia usiku mmoja, wengine mlimani, wengine mpaka kwenu kule Ngara, akasema. Kabla ya kuondoka walipitia hapa, Wakristo kwa Waislamu, wakaacha vitu: magodoro, baiskeli, cherehani, milango waliyoing'oa ili isiibwe. Mume wake alikuwa hai. Walivipanga mpaka wakakosa pa kulala, wakalala nje uani, yeye ana mimba. Miaka ilipita. Wengine walirudi, wengine walirudi watoto wao. "Na tulirudisha vyote," akasema. "Iko mtu alikuja, nikamupa mlango ya baba yake. Alishika ule mlango akalia kama iko nashika mtu. Sasa we unaniambia leo nikatae bido ya Othmani?"

Sisi tuliporudi Buhinyuza hatukukuta hata kizingiti. Tuliyemwachia ng'ombe alituambia hajawahi kutuona. Ningempa nini Mungu kama kijiji chetu kingekuwa na Bi Nuru mmoja.

Nimerudi nyumbani nikiwa bado nina hasira, lakini sasa sijui niielekeze wapi. Mkaidi mjinga ana nafuu, unaweza kumdharau.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Pilau, nguo mpya, ua umejaa watu. Kila aliyekuja kumsalimia Bi Nuru alipitisha jicho depo kuhakikisha bido yake ipo.

Jumamosi, 5 Aprili

Bwana Houssein ameondoka alfajiri kwenda Kobero. Kostiki imekwama upande wa pili, na anasema atarudi na esansi ya kutosha mtaa mzima. Kutosha mtaa mzima, Mungu wangu.

Akiwa tayari ameshika usukani aliniita dirishani. Safari hii hakuwa na utani. "Mama Jovina, ndugu zangu wote wako Bujumbura. Mama nakuachia we. Ni amana."

Nikasema nimepokea. Lilikuwa neno la kuagana, kila mtu hulisema. Lakini limekaa nami kutwa nzima.

Jumatatu, 7 Aprili

Naandika kwa haraka, nimechoka mpaka mifupa.

Mvua ilianza kabla ya saa nne asubuhi na haikuwa mvua ya kawaida. Mfereji ambao Kasiano alipaswa kuuzibua tangu Februari ulifurika, maji yakaingia depo chini ya mlango. Nilipofungua, sakafu ilikuwa na maji ya kufika kifundo cha mguu. Mapipa ya klore yako juu ya mbao, hilo nilishapigania mwaka jana na nikashinda, maji hayakuyafikia. Lakini ile bido iliyozibwa kwa mfuko wa plastiki ilikuwa imepinduka. Juu ya maji palikuwa na rangi zote, zinatembea polepole kuelekea ukutani.

Chini ya ukuta huo kuna tundu la kutolea maji. Linatokea chumbani kwa Bi Nuru, pembeni, kisha nje. Na siku za mvua Bi Nuru huwashiwa mbabura, jiko la makaa, karibu na kitanda.

Nilikimbia. Maji yalikuwa yameshaanza kuingia kwake, utepe mwembamba unaong'aa, na mbabura nyekundu iko hatua moja mbele yake. Niliishika kwa mikono yangu miwili na kitenge changu, nikatoka nayo mvuani, nikaitupa. Viganja vimeungua, vimefungwa, ndiyo maana mwandiko huu ni wa kuku. Kisha nikarudi nikambeba Bi Nuru mgongoni, kama abebwavyo mtoto. Ni mwepesi kuliko nilivyodhani.

Tulimweka kwenye duka letu la mbele, tunapouzia sabuni. Gaudensia na wenzake wakafagia maji, wakayasukuma nje huku milango yote iko wazi na simu zote nimezikusanya kwenye beseni, maana kuna anayetaka kupiga picha kila kitu. Pipa hata moja halikulowa. Kasiano alisimama na koti lake mkononi. Hakusema nta kibazo. Ni mara ya kwanza.

Jumanne, 8 Aprili

Asubuhi nilimwambia Bi Nuru ninachotaka kufanya. Nilitaka asikie kwangu.

"Narudisha bido zote kwa wenyewe, Mama. Leo."

"Amana inarudishwa mwenyewe akiiomba."

"Najua. Na mimi nimeachiwa moja, na mwenyewe bado hajaiomba. Amana yangu inalala nyuma ya ukuta ule."

Bi Nuru akafungua ncha ya kitenge, akatoa ufunguo wake, akauweka juu ya godoro. Hakunipa mkononi. Akageukia ukutani.

Tukapakia kwenye mkokoteni, mimi sina mikono, Kasiano anasukuma, natembea mbele nabisha hodi. Mwenye kinu alinitukana kwa Kirundi kizuri sana. Fundi cherehani alilia kwamba mke wake atamfukuza. Othmani alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mi niliweka kwa mama, sikuweka kwako. We ni nani?"

"Mimi ni mtu wa depo."

"Houssein akirudi utaona. Utapanda gari urudi kwenu."

"Gari gani, Othmani? Hakuna esansi."

Hata Kasiano alicheka. Lakini njiani kurudi nilianza kupiga hesabu. Othmani hakusema uongo. Kazi hii ndiyo inayomlipia Jovina shule, na nimerudisha mali za watu kwa jina la nyumba isiyo yangu.

Jumatano, 9 Aprili

Bi Nuru amekataa chakula. Hajibu salamu.

Alhamisi, 10 Aprili

Amekataa tena. Mtaani hakuna anayenisalimu, ila Gaudensia, naye ni kwa sababu tunalala chumba kimoja. Bwana Houssein hapatikani kwenye simu. Bila shaka Othmani amempata.

Matundu ya hewa yako wazi. Nimeyakagua kama mjinga anayerudi kuhakikisha kwamba ndoto ni kweli.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Niliporudi kanisani nilimkuta Bi Nuru chumbani kwake, tumekipangusa na kimekauka, amekaa wima kitandani, kichwani hana kitambaa. Akaomba ugali na mboga ya lengalenga. Akala akamaliza, akasema huku akitazama sahani, "Kichwa imeniacha."

Nikasema, "Alhamdulillah." Nilikuwa na mengine kumi ya kusema. Sijui nilipata wapi nguvu ya kuyameza.

Jumanne, 15 Aprili

Bwana Houssein amerudi leo alasiri, mvua ikinyesha. Gari lilisimama getini limesheheni: magunia ya kostiki chini ya turubai, na juu yake bido, sikuzihesabu, ishirini au zaidi. Mtaa ulimpokea kama bwana harusi. Othmani alikuwa ameshikilia mlango wa gari kabla halijasimama, anaeleza, mikono inapaa.

Alisikiliza, akashuka, akaja moja kwa moja kwangu. Alikuwa amechoka, macho mekundu. Sijawahi kumwona amekasirika hivyo. Akatazama viganja vyangu, kisha akasema polepole, watu wote wakisikia.

"Umerudisha amana za watu bila kuniuliza."

"Nimerudisha, Patro."

"Jina ya baba yangu umeitupa kwa barabara."

"Uliniachia mama. Esansi ilifika kitandani kwake."

"Nimeambiwa. Nakushukuru, Mungu akulipe." Akavuta pumzi. "Bon. Sasa nimerudi. Amana yangu naiomba. Mama iko mikononi yangu, depo iko mikononi yangu. Kasiano, fungua."

Na alikuwa na haki. Mwenyewe ameomba, nirudishe. Nilitoa ufunguo mfukoni. Nikaanza kuunyoosha mkono.

"Houssein," Bi Nuru akaita kutoka kwenye kiti chake mlangoni. Hakupaza sauti. "Kuja hapa unisalimie kwanza."

Akaenda, akainama, akambusu mkono.

"Ulisema mi ni amana ya nani?"

"Ya Mama Jovina, mama. Lakini sasa nimerudi, nimeomba, na..."

"Hiyo ya kuomba na kurudishwa ni ya bido. Bido haina mdomo. Amana yenye iko na mdomo, inaulizwa. We umeniuliza?"

Othmani akafungua kinywa. Bi Nuru akamtazama tu, naye Othmani akakifunga.

"Nyumba ni yako," akamwambia mwanawe. "Depo ni yako. Lakini mi sijarudi bado. Kama esansi inaingia mule, muulize yeye kama amana yake inakubali."

Bwana Houssein alisimama katikati ya ua, maji yanamchuruzika usoni. Alimtazama mama yake, kisha mimi, kisha ukuta. Nadhani aliuona ule ukuta leo, pamoja na tundu lile chini yake. Akamwita Kasiano. Wakavuka barabara na kuanza kushusha bido kwenye kiwanja kitupu upande wa pili, wakazifunika kwa turubai. Aliwaambia watu waje kila mtu na yake, leo hii hii. Hakunitazama, na sijui kesho ataniambia nini kuhusu kazi.

Nilimsogezea Bi Nuru kiti ndani, mvua isimfikie. Akanishika kitenge.

"Mama Jovina," akasema. "Usinirudishe mpaka hii mvua iishe."